Path of Exile 2 imenoga au inachosha?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na wenzangu watatu tumecheza Path of Exile ya kwanza, ile gemu ya kuua maadui na kuokota vitu, kwa miaka; kila ligi mpya (msimu mpya wa gemu) ikitoka tunaingia. Ya pili imetugawa. Mmoja anaapa kwamba haijatoka gemu bora ya aina hii tangu Diablo II. Mwingine anasema ni polepole, inachosha, na watengenezaji wametusaliti sisi wa zamani. Wa tatu aliinunua, akaimaliza hadithi, akaacha. Mimi bado sijalipa. Je, wanachobishania kina msingi? Na nitoe hela sasa au nisubiri iwe ya bure? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Nianze na huyo wa tatu aliyeacha, maana kwenye ubishi wa namna hii mtu kama yeye huwa hasikilizwi. Wenzako wawili wanapaza sauti, yeye ndiye mwenye ushahidi. Hadithi aliicheza mpaka tamati, kwa hiyo ilimshika. Kilichofuata baada ya hadithi kikamtoa. Kwa maoni yangu ugomvi mzima wa Path of Exile 2 umelala hapo: ndani yake mna gemu mbili ambazo bado hazijapatana, na watu wanabishana huku kila mmoja anazungumzia yake. Mtu akiisifia au akiiponda, kabla hujamjibu muulize alifika wapi.

Ilikuwaje zikawa mbili? Grinding Gear Games, kampuni ya Auckland, New Zealand, ilitoa ya kwanza Oktoba 2013. Ya pili ilipotangazwa mwaka 2019 haikukusudiwa isimame peke yake. Mpango ulikuwa hadithi mpya iwekwe sambamba na ile ya zamani, mchezaji achague njia moja, kisha njia zote mbili ziishie kwenye ramani zilezile za mwisho, yaani maeneo ya kupigania baada ya hadithi. Miaka ikapita na mapigano yakabadilika mno: kukawa na kubiringika kukwepa, mabosi (maadui wakubwa) ambao mapigo yao unaweza kuyasoma kabla hayajakufikia, na mawe ya ujuzi (yanayompa mhusika mapigo yake) ambayo hayategemei tena matundu na viungo vya mavazi. Vitu hivyo havikuweza kukaa nyumba moja na vya zamani. Julai 2023 wakatangaza kwamba ya pili itajitegemea na ya kwanza itaendelea kuhudumiwa. Desemba 6, 2024 wakaifungulia watu wanaolipa, ikiwa haijakamilika: sehemu 3 za hadithi kati ya 6, mashujaa 6 kati ya 12. Kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, pekee walikuwamo zaidi ya wachezaji 500,000 kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mapigano yalijengwa upya kuanzia chini, lakini maisha ya baada ya hadithi yalibaki na akili ya mwaka 2013: ingia kwenye ramani, ua kila kitu, okota, toka, ingia nyingine. Shikilia hilo, nitalirudia.

Yatazame kwanza hayo mapigano mapya kwa karibu, kwa sababu ndiyo yanayomfanya rafiki yako wa kwanza aape. Chukua shujaa Warrior na rungu lake. Ukimpiga adui mkubwa, kuna kipimo kinachojaa taratibu kuonyesha amebakiza kiasi gani kabla hajapepesuka. Kikikaribia kujaa, ndipo unapotoa pigo linaloitwa Boneshatter. Ukilitoa mapema ni pigo la kawaida tu. Ukilitoa kwa wakati wake, yule adui anaganda na wimbi la mshtuko linawakumba wenzake waliomzunguka. Sorceress naye anaweza kuweka ukuta wa moto, Flame Wall, kisha akarusha cheche za Spark zipite katikati yake. Kila cheche inayopita inabeba moto inapotokea upande wa pili. Hakuna anayekuelekeza kufanya hivyo. Unasoma maelezo ya jiwe moja, unasoma la pili, unajaribu, na sauti inayotoka kwenye spika inakujulisha kuwa umepatia.

Kwenye ya kwanza, wewe mwenyewe unajua, mtu alikuwa na pigo moja alilolipamba kwa mawe matano ya kulisaidia, akalibonyeza kuanzia asubuhi hadi usiku, huku mkono wa kushoto ukizungusha chupa tano kama mtu anayepiga kinanda. Ya pili imebakiza chupa mbili, ya damu (uhai) na ya mana (nguvu za kutolea mapigo). Chupa hazijai ovyo, kwa hiyo ukikosea mbele ya bosi unalipa. Na ukifa, bosi anaanza upya akiwa na damu kamili. Wa kwanza kabisa, Bloated Miller, anakungoja dakika chache tu baada ya mhusika wako kunusurika kitanzi na kutupwa na mto ufukweni. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza yuko Count Geonor, anayegeuka mbwa mwitu pambano likiwa limepamba moto. Humshindi kwa sababu una upanga mzuri. Unamshinda kwa kumtazama alivyo, na kama una upanga mzuri, unamshinda mapema kidogo.

Mimi nasimama na rafiki yako wa kwanza kwenye hili. Hadithi ya Path of Exile 2, kama mapigano, inaizidi gemu yoyote ya aina hii ninayoijua, na Diablo II ya mwaka 2000 imo ndani ya hesabu hiyo. Diablo II ilikuwa na mambo yake makubwa, ila kupigana na bosi hakukuwa mojawapo. Ulisimama, ukabofya, ukanywa dawa, ukabofya. Tunaikumbuka kwa vitu vilivyodondoka na kwa umri tuliokuwa nao.

Halafu hadithi inaisha, na huko nje ya hadithi kunaongozwa na sheria moja ambayo haijaandikwa popote: malipo yako ni idadi ya unaowaua kwa saa. Sarafu, mawe, nguo, vyote vinadondoka kutoka kwa mizoga. Anayeua mara mbili zaidi anapata karibu mara mbili zaidi, ananunua silaha bora, anaua mara nne zaidi. Huhitaji shule kujua wachezaji watafanya nini. Ndani ya majuma machache ya mwanzo walikuwepo wachezaji wa shujaa Monk waliounganisha mawe ya Herald of Ice na Herald of Thunder: adui mmoja anaganda, anapasuka, mlipuko wake unapiga radi, radi inagandisha wengine, na kundi lote linatoweka kabla macho hayajaliona. Lile pigo la kusubiri wakati wake unalikumbuka? Huko halina kazi. Adui wa kawaida hafiki kwenye kipimo chochote. Ameshakufa akiwa nje ya kioo, yaani nje ya skrini.

Hapa ndipo ninapompa haki rafiki yako wa pili, ingawa sababu yake siyo niliyonayo mimi. Yeye analalamikia upolepole. Mimi naona tatizo kubwa ni kwamba adhabu za gemu ya polepole zilihamishiwa kwenye gemu ya kasi bila kubadilishwa. Kufa kunaposababisha hasara, mchezaji anakubali kama aliona pigo likija. Kwa Geonor unaliona. Kwenye ramani za mwisho, katikati ya milipuko, theluji, radi na vitu vinavyong'aa chini, unakufa na hujui umeuawa na nini. Na wakati gemu inafunguliwa, kifo kimoja kilikupokonya ramani yenyewe, vilivyokuwamo, na sehemu ya uzoefu uliousotea. Mtu amekaa jioni nzima akisogeza mstari wa leveli, anaurudisha nyuma kwa sekunde moja asiyoielewa. Huyo akisema amechoka, usimwambie hajui kucheza.

Watengenezaji waliliona. Swali likawa warekebishe upande upi: waharakishe mapigano yafanane na ramani, au wapunguze kasi ya ramani zifanane na mapigano? Jonathan Rogers, mmoja wa waanzilishi wa kampuni na mkurugenzi wa gemu hii, amekuwa akitetea mapigano yenye uzito tangu mwanzo, na toleo 0.2.0 la Aprili 4, 2025 lilielemea huko. Lilileta Huntress mwenye mkuki, shujaa mzuri, anayeweza kuzuia pigo kwa ngao na kulijibu. Lakini pia lilikata makali ya karibu kila kitu kilichokuwa kinaruka. Moto uliwaka. Maoni mapya kwenye Steam yalianguka hadi kundi la wanaolalamika zaidi kuliko kusifu, na kampuni ikatoa marekebisho mfululizo ndani ya siku chache.

Wengi wanalisimulia tukio lile kama vita ya wavivu na wapenda ugumu. Sioni hivyo. Walipokata makali, wachezaji wa ramani wakapungukiwa kasi, hilo lilitarajiwa. Kisichotarajiwa ni kwamba hata hadithi, ile sehemu iliyokuwa inasifiwa, ikawa nzito: maadui wanamzunguka mtu kabla hajamaliza kuinua rungu, maeneo ni mapana mno kwa miguu ile, na vinavyodondoka havitoshi kumvusha. Upolepole unapendeza adui akiwa mmoja na anasomeka. Wakiwa ishirini wanakukimbilia, upolepole ni kufungwa miguu tu. Na kichekesho chenyewe ni kwamba kasi haikuondoka, ilihama tu. Msimu huohuo Lightning Spear ya Huntress iligeuka njia ya kila mtu, ikisafisha vioo kama kawaida.

Neno "wametusaliti" lina historia yake pia, na nisingependa mlifanyie mzaha. Mlizoea ligi mpya ya gemu ya kwanza kila baada ya miezi mitatu au minne. Ligi ya Settlers of Kalguur ilitoka Julai 2024, na toleo 3.26 lililoifuata halikuonekana mpaka Juni 2025. Karibu mwaka mzima. Sababu ilitajwa na kampuni yenyewe: watu waliotakiwa kuitengeneza walivutwa kwenda kuokoa ya pili. Kwa mtu ambaye ya kwanza ndiyo maskani yake, kila apdeti ya gemu asiyoitaka ilikuwa inalipiwa na gemu anayoipenda. Huo ni uchungu halali. Ila ni hoja kuhusu kampuni inavyogawa mafundi wake, haisemi lolote juu ya ubora wa gemu yenyewe, na kwenye ubishi wenu nadhani vitu hivyo viwili vimeshachanganywa.

Toleo 0.3.0 la Agosti 2025 ndilo lililonifanya niamini kwamba wanajua wanakokwenda. Kabla yake, ukimaliza sehemu ya tatu ulirudishwa mwanzo kuzicheza tena zote tatu kwa ugumu zaidi, jambo lililowachosha hata waliokuwa wanaipenda. Toleo hilo lilileta sehemu ya nne, ya visiwani, unapochagua mwenyewe uanze kisiwa kipi, na badala ya marudio wakaweka vipande vifupi vipya vya hadithi. Likaleta pia kukimbia. Unaendelea kushikilia kitufe cha kubiringika na mhusika anachapa mbio. Tazama walivyolifanya hilo: ukipigwa ukiwa mbioni unaweza kuanguka chini kifudifudi na kundi likakufikia hapohapo. Kasi ipo, ila kwenye njia tupu, na siyo katikati ya vita. Hilo ni jibu la mtu aliyeelewa lalamiko lilikuwa ni nini hasa. Watu hawakuchukia kupigana taratibu, walichukia kutembea taratibu.

Biashara nayo ilibadilika mwezi huo. Kwa miaka mingi kampuni ilishikilia kwamba kununua kwa mchezaji mwenzako kuwe na usumbufu kwa makusudi, ili watu wasiache kutafuta na kubaki kununua tu. Matokeo yake mnayajua: unatuma ujumbe kwa wauzaji wanane, saba kimya, wa nane anajibu kwamba ameshauza, au bei imepanda. Sasa unaweka kitu chako kwa mfanyabiashara anayeitwa Ange, unaweka bei, unakwenda kulala, na mnunuzi analipa na ada ya dhahabu juu yake hata kama wewe haupo. Nimefurahi, na nina wasiwasi. Waliokuwepo wanakumbuka soko la mnada la Diablo III, lililoanza mwaka 2012 na kufungwa Machi 2014 baada ya watengenezaji kukubali kwamba limeua utamu wa kuokota. Kitu kizuri kilipodondoka, mtu hakuwaza "nitakivaa", aliwaza "kinauzwa bei gani". Path of Exile 2 iko karibu na hatari hiyo kuliko wanavyopenda kukiri, kwa sababu kutengeneza vitu mwenyewe bado kunafanana mno na kamari. Exalted Orb, sarafu ya kuboresha kitu, inaongeza sifa moja bila kukuuliza unataka ipi. Una upinde unaohitaji sifa moja tu ukamilike, unarusha, unapata mwanga kuzunguka mhusika. Meza ya ufundi ya kwenye ya kwanza, uliyokuwa unachagua sifa na kulipa, haikuletwa huku, na mimi naihesabu kuwa upungufu, siyo falsafa.

Desemba 2025 toleo 0.4.0 likamleta Druid, anayegeuka dubu, mbwa mwitu au wyvern (joka lenye mabawa), na idadi ya mashujaa ikafika 8. Dubu anakanyaga kwa uzito wa Warrior bila kumfanya mchezaji asinzie, na hilo si dogo.

Sasa hela yako. Bei ya kuingia mapema ni dola 30, na ndani ya hizo unarudishiwa pointi 300 za kutumia dukani, kiasi ambacho kingegharimu hizohizo dola 30. Kama ulikuwa na mpango wa kununua masanduku ya kuhifadhia vitu siku yoyote, basi kiingilio hujalipa chochote. Masanduku na mapambo uliyonunua kwenye ya kwanza yanahamia kwenye akaunti ya pili, kwa hiyo miaka yenu haikupotea. Ikishakamilika itakuwa bure kwa kila mtu. Pia wamewahi kuifungua bure kwa wikiendi, kama walivyofanya Agosti 2025, ila angalia hapo: inahitaji nafasi ya takriban GB 100, na kwa bando la simu wikiendi itaisha upakuaji haujafika nusu. Kama hamna faiba, mmoja wenu apakue, wengine mnakili faili kwa diski, kisha Steam ikague na kumalizia iliyobaki. Na iwe SSD. Kwenye diski ya kuzunguka utakuwa unasubiri mlango ufunguke wenzako wameshamaliza ndani.

Hakuna kuicheza bila mtandao, hata ukiwa peke yako. Kwenye mipangilio kuna namna mbili za mtandao. Lockstep inasubiri seva ikubali kila hatua: unachokiona ndicho kilichopo, ila ukiwa mbali na seva kubiringika kunachelewa, na kuchelewa mbele ya bosi ni kifo. Predictive inakuonyesha hatua papo hapo kisha inasahihisha, kwa hiyo mara mojamoja utajikuta umerudishwa ulipotoka. Kwa laini ya kwetu inayopanda na kushuka jaribuni Predictive kwanza, na kwenye skrini ya kuingilia jaribuni seva moja baada ya nyingine mkiangalia ni ipi yenye namba ndogo.

Nikikujibu wewe kama wewe: kama kilichokuwa kinakurudisha kila ligi ni kujenga mhusika mpya, kumpitisha kwenye hadithi na kumwona akikomaa, lipa leo. Cheza hadithi na wenzako, ikiisha na hamu imeisha, ondokeni bila kinyongo kama alivyofanya huyo wa tatu. Toleo jipya likija mtarudi kwenye sehemu mpya. Kama kilichokuwa kinakurudisha ni ramani, kuhesabu sarafu kwa saa, na kusafisha kioo ukiwa unasikiliza redio, usilipe bado. Ya kwanza ni ya bure, ina miaka zaidi ya kumi ya vitu vya kufanya baada ya hadithi, na hapo inaishinda ya pili bila kutoka jasho.

Ukiingia, jambo moja la kiufundi. Usianze kwa kunakili mpangilio wa mhusika wa mtu anayeshindana kwa kasi mtandaoni. Mipangilio ile inaanza kufanya kazi baada ya leveli nyingi na vitu ambavyo huna, na njiani utakuwa dhaifu halafu utasema gemu ni ngumu. Chagua mawe mawili yanayosaidiana kama ukuta wa moto na cheche niliyoeleza, weka alama zako za mwanzo kwenye damu na ulinzi kuliko unavyodhani inahitajika, na ukikosea njia kwenye mti wa ujuzi usianze upya: Hooded One wa kambini anakurudishia alama kwa dhahabu, na leveli zikiwa chini bei yake hainyimi mtu usingizi.